Jinsi nilivyopata majibu kuhusu chakula cha porini Sikonge

Nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya misitu, nilikusudia kuchunguza ni kwa kiasi gani kaya zinazopakana na misitu ya miyombo, miti ya asili ya huko, wilayani Sikonge, mkoani Tabora, hupata chakula chake msituni. Nilidhani kupima miti ndiko kungenipa taabu. Kumbe hiyo ilikuwa kazi nyepesi: unachora duara lenye nusu kipenyo cha mita 15, unapima kipenyo cha kila shina kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, unaandika jina la mti, kisha unahamia duara jingine. Mti huuogopi, nao haukuogopi.

Taabu ilikuwa kwenye dodoso. Niliingia kijijini mwezi Agosti nikiwa na barua ya mkurugenzi wa halmashauri, nikapita kwa mtendaji wa kata na wa kijiji kama utaratibu unavyotaka, halafu nikaanza kuuliza kila kaya ilichokula katika saa 24 zilizopita, kwa kufuata yale makundi 12 ya vyakula yanayotumiwa na watafiti wengi wa lishe. Nilitajiwa ugali, dagaa, maharage na kisamvu. Kila nilipofika kwenye swali la vyakula vinavyotoka msituni, karibu wote walijibu neno moja: hakuna. Aliyejibu alikuwa baba mwenye kaya, tumeketi uwanjani, na mjumbe aliyeniongoza amesimama pembeni akisikiliza. Sehemu kubwa ya Sikonge ni misitu ya hifadhi, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inadai kibali kwa anayevuna mazao humo. Mimi nilivaa buti na kubeba kifaa cha GPS cha kuonyesha mahali nilipo. Ni nani angekiri mbele yangu?

Nusura niandike kwamba msitu hauchangii chochote mezani. Aliyeniokoa ni mama mwenyeji wangu, ambaye jioni moja aliniandalia mlenda mzito kuliko kawaida. Nilipomsifia, akaniambia kwamba majani yale hayalimwi, aliyachuma mwenyewe porini wakati wa masika akayakausha. Mumewe alikuwa amenijibu "hakuna" siku mbili tu zilizotangulia, na sidhani kama alinidanganya. Mboga si kazi yake, hivyo hakujua imetoka wapi.

Nikamwomba msimamizi wangu aniruhusu kurudi Januari. Alisita, kwa sababu fedha za utafiti zilikuwa zimekwisha kupangwa, lakini alikubali, kwa kuwa mvua za Tabora hunyesha Novemba hadi Aprili, na miezi ya katikati ndiyo ghala hupungua wakati mahindi mapya bado yako shambani. Safari hiyo niliacha buti na mjumbe. Niliamkia kwa "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya huko, nikaketi jikoni na akina mama, na swali nikalibadilisha: badala ya kutaja msitu, niliuliza mboga ya leo imetoka wapi. Waliponizoea, walinichukua alfajiri kwenda kuokota uyoga, nami nikawa napima kila ndoo kwa mizani ya kuning'iniza kabla haijagawanywa, ya kupika nyumbani na ya kupeleka barabarani kuuzwa kwa sado.

Huko porini ndiko takwimu zangu za miti zilipopata maana. Uyoga mwingi wanaoupenda huishi kwa kushikamana na mizizi ya miyombo, hivyo mti ukikatwa, uyoga wake nao hupotea. Wakulima wa tumbaku ya mvuke huhitaji kuni nyingi kukaushia majani kwenye mabani, yaani vibanda vya kukaushia tumbaku, na hata pale walipopanda mikaratusi kufidia miti waliyokata, wenzangu wa alfajiri walipita kando bila hata kugeuza shingo. Kwenye karatasi, miyombo na mikaratusi yote huhesabika kama misitu. Naona kosa hili la kuhesabu miti bila kuuliza inalisha nani limo katika tafiti zetu nyingi, za kwangu zikiwemo.

Mwishoni nilirudisha matokeo kijijini. Nilichora kalenda ya vyakula vya porini kwenye karatasi ya manila, nikaibandika ukutani katika ofisi ya kijiji, nikaeleza mwezi baada ya mwezi. Mama mmoja mtu mzima akanyanyuka, akaweka kidole kwenye Julai, mahali nilipoacha patupu.

"Mwanangu, hapa umeandika tunapookota. Hukuandika tunapokula."

Uyoga wa Januari, akafafanua, huanikwa na kuwekwa, na kwake mwaka ule ulifika hadi Julai. Nilichukua kalamu, nikaanza kujaza miezi ya kiangazi huku wakinitajia.