Siku moja maishani mwangu: siku ya kuziba chini ya uzio wa kuku

Saa 11 alfajiri

Nimeamka kabla ya alamu ya simu. Tangu juzi usingizi wangu mwepesi sana, kitu kikidondoka tu huko nje nishakaa kitandani nasikilizia. Kwa ambao hamjui, juzi usiku mbwa aliingia kwenye ua wa kuku wangu, akaua matetea 4 na kujeruhi wawili, na katika hao 4 hakula hata mmoja. Hicho ndo kinachouma. Angekula ningesema ana njaa, lakini mbwa akishaona kuku wanakimbia na kupiga mabawa anapandwa na ile hamu ya kukimbiza, anamshika huyu anamtikisa anamwacha anamfuata yule, mpaka kusiwe na anayetikisika.

Kwa hiyo leo kazi zote nyingine nimeziweka pembeni. Kazi ni uzio.

Saa 11 na nusu

Nimeenda kwanza kwa wagonjwa kabla ya kufungulia wazima. Nimewaweka kwenye boksi ndani, sehemu yenye giza giza na joto, kimya, maana kuku aliyeshtuka anaweza kufa na hofu tu hata kama kidonda kidogo. Na usimrudishe kwa wenzake hata kama anatembea, wakiona damu wanadonoa palepale mpaka wamalize alichoanza mbwa.

Mmoja yuko vizuri, kang'olewa manyoya ya mkia na ngozi imechubuka. Huyu wa pili ndo ananitia wasiwasi. Ana matundu mawili mgongoni, ukiangalia juu juu unasema hamna kitu, vitundu kama vya msumari, lakini ukipapasa pembeni ngozi imeachana na nyama, inateleza chini ya kidole. Meno ya mbwa ndo yalivyo, yanaingia padogo yanaharibu papana. Nimekata manyoya yanayozunguka, nimeosha na maji yaliyochemshwa yakapoa yenye chumvi, kijiko kimoja cha chai kwenye nusu lita, nimeosha tena na tena mpaka yanayotoka yawe masafi. Nimemnyooshea maji ya kunywa, kakataa. Saa hivi nampigia daktari wa mifugo, usaha ukianza chini ya hiyo ngozi kumwokoa inakuwa ngumu.

Na jamani, glavu. Hayo manyoya yana mate ya mbwa usiyemjua ana chanjo au hana. Nikimaliza naosha mikono na sabuni mpaka kwenye viwiko. Na ikitokea mbwa amekung'ata wewe mwenyewe wakati unaokoa kuku, acha kuku, nenda kwenye maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima halafu hospitali siku hiyohiyo, kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili hakina tiba.

Saa 12 na nusu asubuhi

Nimefungulia waliobaki, nimehesabu wakati wanatoka mlangoni, 19 na jogoo. Wametoka kwa kusitasita, jogoo kasimama kizingitini kama dakika 2 anageuza kichwa, wengine nyuma yake wanasukumana.

Nikarudi pale kwenye shimo na mwanga wa kutosha. Ni kona ya nyuma, pale maji ya paa la banda yanapodondokea, udongo pale siku zote ni laini. Shimo lenyewe upana wake kama mdomo wa ndoo. Hakukata waya wala hakuruka. Kaingia kwa chini. Ncha za waya zilizopinda zimekamata manyoya ya mnyama, nikayavuta nikayaweka kwenye kimfuko, ya kahawia, magumu. Nimepiga picha shimo, nyayo na yale manyoya.

Nayaeleza haya kwa sababu kila mnyama ana saini yake, na ukikosea kumjua utajenga kinga ya mnyama mwingine. Kuku wengi wamekufa, hawajaliwa, wametapakaa, hapo mfikirie mbwa kwanza. Kifaranga kapotea mchana kabisa bila hata unyoya, angalia juu, mwewe au kunguru. Mayai yamekwisha na hakuna hata ganda, nyoka au kenge, maana wanameza zima. Maganda yapo yamevunjwavunjwa, nguchiro au panya. Kuku yupo ndani ya uzio lakini kichwa hakipo, mara nyingi kuna kitu kilimvuta kichwa kwenye tundu la waya kikiwa nje, yaani hakikuingia kabisa.

Saa 2 asubuhi

Nimeenda kwa mzee jirani mwenye mbwa wawili. Nikiri tu kwamba nilikuwa na hasira, usiku kucha nilikuwa napanga maneno.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, pole, nimesikia."

Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaangalia taratibu, akaomba nimkuzie ile ya nyayo, halafu nikampa kimfuko. Akaniita mpaka walipofungwa wale mbwa. Mmoja mweusi tii, mwingine mweupe mwenye madoa meusi.

"Sasa mwanangu, haya ya kahawia ni ya nani?"

Sikuwa na jibu. Mzee akasema usiku huwa anawafungulia na geti lake lina upenyo, hiyo akakubali, akasema kuanzia leo analiziba na hawatoki. Chanjo za kichaa akanionyesha kadi, wote wako sawa. Lakini wa kahawia sio wake. Nikaomba radhi kwa jinsi nilivyoingia, akasema usijali, ni mali yako.

Tangu juzi nimeshashauriwa na watu watatu niweke sumu kwenye nyama niitupe nje ya uzio. Sifanyi na sitafanya. Sumu haichagui, ataokota mbwa wa mzee aliyechanjwa na kufungwa, ataokota paka, kunguru ataibeba adondoshee ndani ya ua kuku wangu waidonoe, na kuna watoto wanapita hapo. Na yule wa kahawia akifa kesho anakuja mwingine kwenye shimo lilelile.

Saa 3 mpaka saa 7 mchana

Hapa ndo penye kazi yenyewe.

Kosa langu lilikuwa kuamini waya wa kuku. Ule wa matundu ya pembe sita unatosha kuwazuia kuku wasitoke, kumzuia mbwa asiingie ni habari nyingine. Ni mwembamba, mbwa mwenye nia anauuma na kuuvuta mpaka unafumuka, na matundu yake panya anapita bila kujikunja. Sasa nimechukua wavu wa chuma uliochomelewa wenye matundu ya nusu inchi, yaani milimita 13, huo hata panya mkubwa hapiti, na kinachopita hapo ni kidogo sana.

Nimeupinda kama herufi L. Upana wake sentimita 90, nimesimamisha 30 zikapanda kwenye uzio, 60 zilizobaki nimezilaza chini kuelekea NJE. Sio ndani, nje. Watu wengi wanachimba mtaro wauzike wima na inafanya kazi vizuri tu, ila kwangu kuna mizizi na mawe, ningechimba wiki nzima. Wa kulaza unamshinda mbwa kwa tabia yake mwenyewe: anakuja mpaka pua iguse uzio, anaanza kuchimba palepale, anakutana na waya, anasogea pembeni kidogo anajaribu tena, anakutana nao tena. Hapati akili ya kurudi nyuma hatua mbili aanzie kule unapoishia.

Ua wangu ni mita 8 kwa 5, mzunguko mita 26. Nimefunga kwa waya mwembamba wa kufungia, plaizi mkononi, kila baada ya shubiri moja fundo, na hayo mafundo ndo yaliyomaliza vidole. Ule uliolala nimeushikiza na vigingi vya chuma vilivyopinda, juu nikapanga mawe kwenye ukingo ili mtu asijikwae, majani yakiota kupitia kwenye matundu yataushika kabisa na hautaonekana.

Angalieni kona. Ukifika kona ukaukata waya uweze kuupinda, zile sehemu mbili zilizolala zinaachana na kubaki pembe ya udongo mtupu, na kona ndo sehemu mbwa anayoipenda maana anajibana. Nimekata kipande cha mraba nikakilaza juu ya hiyo pembe, kikapita pande zote mbili, nikakishona. Ile kona ya shimo nimeijaza mawe kwanza nikashindilia, halafu waya mara mbili, na nimefunga kipande cha bomba maji ya paa yadondokee mbali.

Geti bado. Chini ya geti huwezi kulaza waya, utakuwa unaukanyaga kila siku mpaka ukatike, pale nataka kufukia matofali yawe kizingiti. Kwa leo nimeweka ubao mzito na mawe mawili.

Saa 7 na nusu

Niko nimekaa kivulini, jogoo akatoa ile sauti. Wanaofuga wanaijua: akiona mnyama wa chini anapiga kelele za kukatakata, ko-ko-ko-ko, na anasimama wima, anaendelea nazo. Akiona cha juu anatoa sauti moja nyembamba ndefu na papo hapo ua mzima unakuwa mtupu. Leo ilikuwa hiyo ya pili. Kabla sijainua kichwa wote walishaingia chini ya kichaka na ile meza ya mbao niliyowawekea, nikaona tu kivuli cha mwewe kinapita ardhini.

Kichaka na meza ni kinga nzuri kuliko watu wanavyodhani, kuku asiwe mbali na pa kujificha. Vifaranga ndo nawaweka chini ya wavu kabisa, juu umefunikwa. CD za kung'aa niliwahi kuning'iniza, siku chache za kwanza ndege waliogopa, baadaye wakazizoea.

Saa 10 jioni

Mayai 8. Kawaida ningepata 14 au 15. Moja halina ganda gumu, laini kama mfuko, hofu hiyo. Watarudi taratibu, siwalazimishi.

Nimeondoa chakula chote kilichobaki na kukifunga kwenye pipa la chuma lenye kifuniko. Chakula kikilala nje panya wanakuja, panya wakija nyoka wanawafuata.

Saa 12 na nusu jioni

Kuku wenyewe wanaingia giza likianza, kazi yangu ni kufunga tu. Ila siku ile ya mbwa mlango wa banda ulikuwa umefungwa vizuri kabisa, na ndani hakufa hata mmoja. Waliokufa na waliojeruhiwa ni wale vijana 6 waliozoea kulala nje juu ya fito ndani ya ua, kwa sababu ndani palikuwa pamejaa na mimi nikawaacha nikijua si kuna uzio. Hilo nitalibeba muda mrefu.

Kwa hiyo leo nimeongeza fito mbili ndani, kuku mmoja anahitaji kama sentimita 20 hadi 25 za kukaa, na wawili wapya walioanza kuifuata tabia ya kulala nje nimesubiri giza liingie nikawabeba mmoja mmoja nikawaweka ndani. Gizani kuku haoni vizuri, hagombani na wewe. Nitarudia usiku kadhaa mpaka wazoee kwenda wenyewe. Nimehesabu na tochi, 19 na jogoo. Komeo, halafu kikulabu cha pili juu yake.

Saa 4 na dakika 20 usiku

Amekuja.

Nilikuwa dirishani taa nimezima. Kwanza jogoo kakoroma ndani ya banda, halafu nikasikia kucha juu ya chuma, kwaru, kwaru, kwaru. Kona ileile. Taa ya nje inayojiwasha yenyewe ikashtuka ikawaka na nikamwona, wa kahawia, mwembamba, sikio moja limelala, hana kola shingoni. Hakukimbia na taa. Kachimba, kaacha, kanusa, kasogea kama mita moja, kachimba tena, karudi konani. Kama dakika 6 hivi. Halafu akasimama akaangalia upande wa geti, moyo wangu ukaruka, lakini akageuka akaondoka zake.

Nimetoka na tochi. Alama za kucha ziko sehemu 3, zote ndani ya sentimita 10 kutoka kwenye uzio, udongo umekwanguliwa na waya unang'aa chini yake. Kule kwenye ukingo hata jiwe moja halijasogea.

Nimemtumia mzee meseji na picha nimempa taarifa kuwa wake hawahusiki, na kesho tutaulizia wote mwenye huyu mbwa ni nani au kama hana mwenyewe tuwapigie wanaohusika na mbwa wazururaji waje wamchukue.

Yule mwenye matundu mgongoni bado hajala. Maji nimemlowanishia mdomo na kidole, mara ya tatu akameza. Kesho saa 12 naanza na geti.