Jina la mzee wetu halimo

Leo asubuhi kazini tumefungua orodha ya wanasayansi wanaoongoza katika ikolojia na mageuko ya viumbe, wakipangwa kwa kazi zao kunukuliwa na wenzao.

Kuna kipimo kinaitwa h, alikipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Ukiwa na h ya 20, una makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20.

Mimi nikawa namuwaza mzee wetu wa msituni. Hajawahi kuandika makala.

Jamani, huyu mzee anachuma jani, analifikicha kiganjani, ananusa mara moja tu, anakutajia mti. Vidole vyake vina weusi wa utomvu usiotoka hata kwa sabuni. Majedwali ya makala zetu yamejaa miti aliyotutambulia yeye, na ndiyo yanayonukuliwa.

Hata Gregor Mendel, mtawa aliyechunguza jinsi sifa za viumbe zinavyorithiwa, kazi yake ya njegere ilitoka 1866, akafa 1884, ikaja kuthaminiwa 1900.

Mchana nimempigia mzee simu. Alikuwa shambani. Nimeishia kumsalimia tu, maneno yamenikwama.

Kazini kwenu je, nani anabeba kazi na jina lake haliandikwi popote? Niambieni habari zake.