"He's steaming": maneno ya ulevi niliyokutana nayo Glasgow

Usiku wangu wa nne kazini, Jumamosi ya Desemba, machela ilisukumwa hadi kwenye kona yangu na mwenzangu akanitupia maneno mawili huku akikimbilia mgonjwa mwingine: "He's steaming." Mimi ni msaidizi wa wauguzi kwenye idara ya dharura ya hospitali moja ya Glasgow, jiji la Scotland. Kiingereza nimekisoma tangu shule ya msingi kule Moshi, na mtihani wao wa lugha niliufaulu kabla ya kupata viza. "Steam" ni mvuke. Nikajua mzee huyu ana homa kali, nikachukua kipimajoto. 36.2.

Nikamwita muuguzi wa zamu. Akanieleza kwamba Glasgow neno hilo maana yake ni kalewa chakari. Kisha akafanya jambo ambalo humfanyia kila anayeletwa akiwa hajielewi: akamchoma kidole kupima sukari. 2.3. Chini ya 4 tayari ni tatizo. Mzee alikuwa mgonjwa wa kisukari, na bia tuliyoinusa ilikuwa imemwagikia koti lake. Alipowekewa sukari kwenye mshipa, haukupita muda mrefu akafumbua macho na kuuliza mke wake yuko wapi.

Tangu usiku ule nina daftari dogo mfukoni. Kila neno la ulevi nisilolijua naliandika, na nauliza.

Hilo la mvuke lina historia ambayo watu wa hapa hupenda kuisimulia. Sheria ya mwaka 1853 ilifunga baa za Scotland siku ya Jumapili. Meli za mvuke zilizobeba abiria kwenye mto Clyde hazikubanwa, basi wenye kiu walikata tiketi ya kwenda Dunoon au Rothesay na kunywa safari nzima. Mwanya huo ulizibwa mwaka 1882, lakini hadi leo utasikia mtu akisema fulani yuko "steamboats". Waverley, meli ya mvuke iliyoshushwa majini mwaka 1946, bado huchukua abiria hapa majira ya joto. Niliipanda Julai, na nikiwa juu ya sitaha nikaona neno lile limeacha kuwa la kunitisha.

Maneno haya hayana mwisho. Mwaka 1737 Benjamin Franklin alichapa gazetini kule Pennsylvania orodha ya zaidi ya 200, na wataalamu wa lugha wa Ujerumani wamekusanya 546 katika Kiingereza cha siku hizi. Daftari langu lina 61. Nimeyasoma mara nyingi nikiwa kwenye basi la alfajiri, na kuna jambo limenikaa kichwani. "Hammered", kapigwa nyundo. "Smashed", kavunjwavunjwa. "Plastered", kapigwa plasta kama ukuta. "Wrecked", kavunjika kama jahazi mwambani. Karibu kote mnywaji ni mtendwa, na aliyemtenda hatajwi. Sasa sikiliza sisi: kapiga mtungi, kapiga maji, kapiga ulabu. Kwetu mnywaji ndiye anayepiga! Na tukitaka kusema kazidisha, hatutafuti kitenzi kingine. Tunabaki na kulewa hukohuko na kukiongezea mlio: chopi, bwii, njwii, tilalila. Nadhani ndiyo sababu maneno yao hunichanganya. Mtu akisema "kalewa" na neno nisilolijua, angalau nusu ya habari ninayo. Mtu akisema "trolleyed" au "blootered", sina pa kushika.

Lipo moja nililolielewa papo hapo, "three sheets to the wind". "Sheet" hapa si shuka, ni kamba inayoshikilia tanga. Kamba tatu zikiachiwa upepo, tanga linapigapiga na chombo kinakwenda mrama. Ninayekaa naye nyumba moja ni mtu wa Pemba, na nilipomsomea alinyanyuka kitini kunionyesha kwa mikono jinsi dau linavyolala. Alisema mlevi wa bandarini hutembea hivyohivyo.

"Pissed" nayo ichungeni. Uingereza maana yake kalewa. Binamu yangu aliyeko Marekani ananiambia kule maana yake kakasirika, na kwetu nyumbani, mbele ya watu wazima, si neno la kutamka. Na London ukisikia mtu yuko "Brahms and Liszt", usitafute muziki: hao ni watunzi wawili wa muziki, na wamechukuliwa kwa sababu jina la yule wa pili, Liszt, linatoa sauti inayofanana na "pissed".

Wadogo zangu mnaokuja kufanya kazi za hospitali na za kutunza wazee, jifunzeni maneno haya kabla hamjapanda ndege. Mtihani wa lugha hautawauliza. Lakini kwenye kupokezana zamu mtayasikia, na mwenye neno hana nafasi ya kulitafsiri. Jifunzeni kuyasikia tu, msiyatumie. Kwenye faili mimi huandika nilichokiona: anazungumza kwa ulimi mzito, ananuka pombe, sukari kiasi fulani, ameanguka au hakuanguka. Aliyegonga kichwa huyumba kama mlevi. Ambaye sukari yake imeshuka hujibu ovyo kama mlevi. Neno "steaming" likishabandikwa mtu, nimeona jinsi macho ya watu yanavyompita.

Kiswahili kina neno jingine ninalolipenda, kulevuka, pombe kumtoka mtu. Huwa nalikumbuka saa kumi na mbili asubuhi, tunapofungua mapazia. Wanaketi mmoja mmoja kitandani, nywele zimesimama, sauti imerudi kuwa ya kwao. Wengi huomba radhi kabla hawajaomba chai. Nawaambia hakuna neno, nawauliza sukari vijiko vingapi.