Kutoka Luohu hadi Shekou: mji uliojengwa kwa kukodisha ardhi

Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo wanaofika Guangzhou huishia Xiaobei na Sanyuanli: wanafunga mzigo, wanarudi. Mwenye siku ya ziada ashuke Shenzhen. Nilipanda treni ya C (zile ambazo namba zake huanza na herufi hiyo) kutoka Guangzhou Mashariki, nikaiacha ile ya kasi ya Guangzhou Kusini, ambayo hutumia kama nusu saa lakini hukushusha Shenzhen Kaskazini, mbali na mahali mambo yalipoanzia. Ya C huchukua zaidi ya saa moja na kukufikisha Luohu, ubavuni mwa mpaka wa Hong Kong. Pasipoti ndiyo tiketi yako. Geti la mashine likigoma kuisoma, tafuta lenye mhudumu, na usifike dakika za mwisho, maana ukaguzi wa tiketi hufungwa kabla treni haijaondoka.

Kituo kimoja kwa treni ya chini ya ardhi ni Guomao, jengo la ghorofa 53 lililomalizika mwaka 1985. Mafundi walifikia kasi ya ghorofa moja kwa siku tatu, na mji mzima ukajivunia. Leo limemezwa na majirani zake. Januari 1992 Deng Xiaoping, kiongozi aliyeanzisha mageuzi ya uchumi ya China, akiwa na miaka 87 na ameshaachia vyeo vyake, alipanda kwenye mgahawa unaozunguka wa jengo hilo kuwaambia waliotaka kuyafunga mageuzi baada ya maandamano ya Tiananmen ya 1989 kwamba hakuna kurudi nyuma. Oktoba mwaka huohuo mkutano mkuu wa Chama cha Kikomunisti ukaridhia uchumi wa soko la kijamaa.

Wageni hupiga picha hapo na kuondoka. Kwangu, tukio kubwa zaidi la mji huu ni la Desemba 1, 1987: mnada wa kiwanja cha mita za mraba 8,588 hapo hapo Luohu. Kampuni 44 zilishindana, bei ikaanzia yuan milioni 2, na baada ya dakika 17 nyundo ikagongwa kwa yuan milioni 5.25. Kilichouzwa hakikuwa ardhi. Ni haki ya kuitumia kwa miaka 50, kisha umiliki unabaki kwa dola. Mtanzania anayeijua hati ya miaka 33, 66 au 99 haoni ajabu yoyote hapo. Ajabu ni kwamba siku hiyo katiba ya China ilikuwa bado inakataza kukodisha ardhi. Ilirekebishwa Aprili 1988, miezi minne baadaye. Ndivyo dola hii ilivyojifunza kubadilika: eneo moja linaachwa lijaribu, likifaulu sheria inafuata, likiharibika hasara inabaki palepale.

Nikaendelea na laini namba 1 kuelekea magharibi hadi Baishizhou. Eneo la ndani la ukanda maalumu wa kiuchumi wa Shenzhen lilipogeuzwa ardhi ya mji mwaka 1992, wanakijiji walibaki na viwanja vya nyumba zao, wakapandisha ghorofa sita, saba, nane. Vijiji vya namna hii bado vipo Shenzhen, na uchochoro wake ni wa kuona: majengo mawili yamekaribiana kiasi kwamba wapangaji wa pande mbili wanaweza kupeana mikono dirishani, nyaya zimening'inia juu, na mchana taa zinawaka. Humo ndimo walimolala vijana waliojenga mji, kwa sababu usajili wa makazi, yaani hukou, uliwaacha wakiwa watu wa kijijini kwao: kazi wapewe, lakini nafasi ya mtoto katika shule ya serikali ni shida. Baishizhou penyewe, palipobeba zaidi ya watu 100,000, palianza kuhamishwa wapangaji mwaka 2019 ili pabomolewe. Mwenye nyumba hulipwa fidia. Mpangaji hupewa notisi.

Kwa nini serikali za mitaa zina njaa hivyo ya viwanja? Mageuzi ya kodi ya 1994 yalipeleka Beijing asilimia 75 ya kodi ya ongezeko la thamani, huku shule, barabara na hospitali zikibaki mzigo wa mikoa na miji. Viongozi wa miji nao walipandishwa vyeo kwa kutazamwa ukuaji wa uchumi. Basi wakauza miaka ya ardhi. Mwaka 2021 mapato hayo yalifika takriban yuan trilioni 8.7 nchi nzima. Mwaka 2023 yalikuwa yameshuka hadi kama trilioni 5.8. Kilichokatika ni mnyororo: mjenzi huuza nyumba ambayo haijajengwa, fedha za mnunuzi zinanunua kiwanja kingine, na benki inakopesha pande zote. Agosti 2020 serikali ikawabana wajenzi wenye madeni makubwa, Evergrande, kampuni kubwa ya kujenga nyumba, ikashindwa kulipa mwaka 2021, na 2022 wanunuzi wa miji mingi wakagoma kulipia mikopo ya nyumba zisizokamilika.

Kufika Shekou, badili laini Shijie zhi Chuang, panda namba 2. Hapa China Merchants, kampuni ya dola ya China, ilianzisha eneo la viwanda mwaka 1979, kabla ukanda maalumu wenyewe haujatangazwa. Ilitengeneza gati, barabara, umeme na maji, kisha ikaita viwanda: bandari kwanza, viwanda nyuma yake, mji mwisho. Mpango huohuo wa bandari na viwanda, wa kampuni hiyohiyo, ndio uliosainiwa kwa ajili ya Bagamoyo mwaka 2013. Magufuli alipoukataa hadharani mwaka 2019, miongoni mwa masharti aliyoyalalamikia ni ukodishaji wa miaka 99, karibu mara mbili ya ile iliyouzwa Luohu.