Nilivyojifunza Kukutana na Watu Nikiendesha Baiskeli Karura

Nilianza kwenda Msitu wa Karura na baiskeli kwa ajili ya mazoezi na hewa safi, lakini kilichonifanya niendelee hadi leo ni watu nisiowajua ninaokutana nao njiani. Kukutana nao imekuwa kazi ya kujifunza. Nairobi ni jiji ambalo mtu huzoea kuwapita wenzake bila kuwatazama, na anayekusalimu pasipo sababu humdhania ana jambo analolitaka kwako, kwa hiyo salamu ya mgeni inahitaji kuandaliwa mazingira yake.

Jambo la kwanza lililonifaa ni mwendo. Karura ina ukubwa wa zaidi ya hekta 1,000, na njia zake za udongo mwekundu, zinazozidi kilomita 50 kwa jumla, hutumiwa kwa pamoja na wanaotembea, wanaokimbia, watoto, mbwa waliofungwa kamba na sisi wenye baiskeli. Nilikubali kuendesha kwa gia nyepesi na kupitwa na kila anayetaka kunipita. Nikimkaribia mtu kwa nyuma, napiga kengele mara moja nikiwa bado mbali, kisha nashika breki hadi ageuke mwenyewe na kuniona. Salamu ya mtu aliyekwisha kuonekana hupokelewa kwa utulivu, ilhali inayozuka ghafla mgongoni humfanya mtu aushike mkoba wake, na baada ya hapo hakuna mazungumzo yanayoweza kuota.

La pili ni mahali pa kusimama. Kwenye njia panda za msitu kuna vigingi vyenye nambari zinazolingana na zile za ramani, na hapo ndipo watu wanaposimama kubishana wageuke upande gani. Asubuhi moja ya Jumapili niliikuta familia kwenye kigingi kimoja ikiyatafuta mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau walijificha. Niliwaonyesha njia inayoshuka mtoni, nami nikatembea nao kipande nikiikokota baiskeli, kwa sababu bibi ya watoto wale alikuwa ameanza kuwasimulia habari za mtaro ambao watu wa kijiji chao walilazimishwa kuuchimba wakati wa hali ya hatari, iliyotangazwa mwaka wa 1952. Mwanawe aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hata yeye alikuwa akiisikia hadithi hiyo kwa mara ya kwanza.

Hata hivyo, hakuna kitu kilichonikutanisha na watu kuliko pampu niliyoifunga kwenye fremu ya baiskeli. Baiskeli hukodishwa malangoni, na wengi wanaozikodi hawakuendesha tangu utotoni, hivyo cheni hutoka, viti hulegea na matairi huisha upepo mahali ambapo fundi hayupo. Mfukoni nina viraka, kipande cha msasa na kijichupa cha solusheni. Siku moja nilimkuta dada mmoja amekaa kando ya njia, baiskeli yake mwenyewe imelala, tairi la nyuma limechomwa na mwiba. Tuliutoa mpira wa ndani, tukautumbukiza kwenye dimbwi hadi tukaona mapovu, tukausugua na kuupaka solusheni. Solusheni haitaki haraka: ukibandika kiraka kabla haijakauka, hakishiki. Ni katika dakika zile za kungoja ndipo aliponiambia kwamba yeye ni muuguzi, ametoka zamu ya usiku, na kwamba huja msituni kabla ya kwenda kulala kwa sababu akienda nyumbani moja kwa moja hubaki akizisikia sauti za wodini. Sikumuuliza jina lake, wala hospitali anayofanya kazi. Naamini alinieleza hayo kwa uwazi kwa kuwa macho na mikono yetu vilikuwa kwenye kazi, na hakuna aliyelazimika kumtazama mwenzake usoni.

Tangu siku hiyo nimeacha kuyatafuta mazungumzo, nikaanza kuzitafuta kazi ndogo zinazoyazaa. Mama mmoja niliyemkuta ameutua mzigo wa kuni ili apumzike alihitaji mtu wa kumtwika tena. Nilimwambia, "Pole na kazi, mama," naye akaitikia, kisha akanieleza kwamba yeye na wenzake wana ruhusa ya kuokota kuni kavu, na kwamba zamani wanawake waliogopa kuingia peke yao katika msitu huu huu ambao sasa watoto huendeshea baiskeli.

Maneno yake yalithibitishwa na mzee ambaye hutembea kwa fimbo upande wa Barabara ya Kiambu. Yeye nilimfikia kwa swali, maana nilikuwa nimeona mikaratusi imekatwa na miche ya miti ya kienyeji imepandwa mahali pake, nami nilitaka kwa dhati kujua sababu. "Habari ya asubuhi, mzee? Mbona wanaikata hii?" Alisimama, akanieleza kwamba mikaratusi ni miti ya kuletwa, na kwamba inaondolewa ili muhugu na miti mingine ya asili irudi. Kutoka hapo alinipeleka mpaka mwisho wa miaka ya 1990, wakati sehemu za Karura zilipokuwa zimegawiwa watu binafsi wajenge nyumba, na Wangari Maathai alipokuja na wenzake kupanda miche kwa kupinga. Tarehe 8 Januari 1999 walishambuliwa na walinzi waliokodiwa, naye Wangari akajeruhiwa kichwani. Mzee alisema alisikia kelele za siku hiyo akiwa nje ya msitu na hakuthubutu kuingia. Nilikuwa najua kwamba mama huyo alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka wa 2004, lakini sikuwahi kumsikia mtu aliyekuwa karibu kiasi hicho akieleza woga uliokuwapo. Tulisimama hadi jua likapanda, na kila mara ninapomkuta sasa hunionyesha mche mmoja uliorefuka.

Kuna mpaka ninaouheshimu bila kuyumba. Nikikutana na mwanamke aliye peke yake mahali pasipo na watu, naitoa salamu bila kusimama, nakaa upande wa pili wa njia na kuendelea mpaka nitoweke. Hata msaada wa tairi nausemea kwa mbali kwanza, nikimwachia nafasi ya kukataa, kama nilivyofanya kwa yule muuguzi. Mwanamume anayependa mazungumzo ya njiani anapaswa kukumbuka kwamba ukarimu wake hauonekani kwa macho, na kwamba mgeni hana wajibu wa kuuamini.

Wanaotazama ndege nao wamenifundisha utaratibu wao. Karura ina tai mkubwa mwenye shungi anayewinda hata kima, na nilimfahamu kupitia kijana mmoja aliyekuwa ameganda chini ya mti mrefu, darubini machoni. Niliteremka mapema, nikaizuia baiskeli isilie, nikangoja hadi alipoishusha darubini mwenyewe. Bila kuniuliza mimi ni nani, alinipa niangalie, akanielekeza kwenye tagaa lenye rundo kubwa la vijiti, akaniambia kwamba ndege hao hulitumia tundu lilelile mwaka baada ya mwaka. Niliporudi wiki iliyofuata alikuwapo tena na wenzake wawili, nao wakanisogezea nafasi chini ya mti.