Bembea la Idi liliuzwa kuni

Nimerudi Mombasa baada ya miaka mingi ya kuishi Uingereza, na katika yote niliyoyakuta yamebadilika, majengo, bei za vitu, hata watu wenyewe wanavyosalimiana, hakuna lililonitia uchungu kama kukuta kwamba bembea la mbao la kuzunguka, lililokuwa likisimamishwa katika uwanja wa mtaa wetu kila sikukuu, halipo tena, wala hakuna anayeona kuwa kimepotea kitu. Idi pili nilikwenda uwanjani na watoto wa dada yangu. Nilikuta majumba ya plastiki yaliyojazwa upepo, treni ndogo ya umeme inayorudia wimbo mmoja kutwa nzima, na jenereta inayonguruma kuzidi kelele za watoto. Watoto walifurahi na siwalaumu, kwa kuwa hawakuwahi kuona kingine. Lakini nilipowauliza wa rika langu bembea limekwenda wapi, nilijibiwa kwa wepesi kabisa kwamba fundi wake alifariki, wanawe hawakuitaka kazi ile, na boriti zikauzwa kuni kwa mwenye tanuri la mikate.

Mliokulia mitaa ile mnalikumbuka. Zilikuwa nguzo mbili nene zilizochimbiwa ardhini, mhimili mmoja wa chuma juu yake, na misalaba miwili ya mbao iliyokaa sambamba, ambayo baina ya ncha zake yalining'inia masanduku manne ya kukalia. Injini haikuwako. Vijana wawili walisimama chini, sanduku likifika usawa wa vifua vyao wanalisukuma kwa nguvu zote, na wa tatu, mwepesi kuliko wenziwe, alirukia mkono wa msalaba uliokuwa juu, akauning'inia mpaka uzito wake ukauteremsha, kisha akauachia kabla miguu yake haijagusa mchanga. Fundi aliwapanga watoto kwa jicho tu: mnene mmoja huku, wembamba wawili ng'ambo ya pili, kwa sababu gurudumu likielemea upande mmoja lingeweza kuwavunja mikono wasukumaji. Mhimili ulipakwa grisi asubuhi, lakini kufika adhuhuri ulikuwa umekwisha kuanza kulia, na sisi tuliokuwa bado tunazunguka nyumba za jamaa kupokea mkono wa Idi tuliusikia mlio ule tukaharakisha kuaga. Yule fundi hakuwa na mchoro wala kipimo kilichoandikwa. Kila kitu kilikuwa kichwani mwake, na ndiyo sababu kimezikwa naye.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba huko nilikokuwa nimeisoma historia ya mashine hizi, na nimeona kuwa maandishi ya zamani kabisa ya wasafiri wa Ulaya kuhusu gurudumu la bembea hayatoki kwenye sherehe zao, bali kwenye sikukuu za Waislamu. Mroma Pietro della Valle aliandika barua kutoka Istanbul mwaka 1615 akieleza jinsi alivyolipanda gurudumu kubwa katika sherehe za Ramadhani na kufurahia kurushwa juu na kushushwa. Miaka mitano baadaye, Mwingereza Peter Mundy aliyaona mabembea ya namna mbalimbali katika mji ambao leo ni Plovdiv, Bulgaria, wakati huo ukiwa chini ya Waturuki, katika sikukuu ya Bairam, ambayo ndiyo Idi yetu hii. Alistaajabia kwamba watoto huenda juu na chini pamoja na gurudumu, lakini wakati wote hubaki wameketi wima. Yeyote aliyewahi kukaa katika lile sanduku letu anakijua alichokiona Mundy.

Lile gurudumu la chuma ambalo dunia inalitaja lilikuja baadaye sana. Mhandisi Mmarekani George Ferris alilisimamisha katika maonyesho ya Chicago mwaka 1893, likiwa na urefu wa mita 80 hivi na vibanda 36, kila kimoja kikibeba watu 60, na likizungushwa kwa injini za mvuke. Kabla yake William Somers alikwisha kujenga magurudumu ya mbao katika miji ya pwani ya Marekani, naye alimshtaki Ferris kwa kuiga kazi yake. Gurudumu la Ferris lilihamishiwa St. Louis mwaka 1904, na mwaka 1906 likaangushwa kwa baruti na kuuzwa vyuma chakavu. Kwa hiyo sisemi kwamba wenzetu hawabomoi. Wanabomoa, lakini picha, michoro na vipimo vinabaki, na mtoto wa leo akitaka kujua namna lilivyofanya kazi atajua.

Nasikia kisingizio cha pesa kila ninapolizungumza jambo hili. Gurudumu la Vienna, lililojengwa mwaka 1897, lilipewa kibali cha kubomolewa mwaka 1916, na likasalimika kwa kuwa hazikupatikana fedha za kulibomolea. Liliungua mwaka 1944, likajengwa upya kwa vibanda 15 badala ya 30, na linazunguka hadi leo. Huko Margate, Uingereza, ipo reli ya burudani ya mbao ya kupanda na kushuka ya mwaka 1920, iliyoundwa ili mfanyakazi asafiri pamoja na abiria akivuta breki kwa mkono kwenye miteremko. Mwaka 2002 iliingizwa katika orodha ya majengo yanayolindwa kisheria, mwaka 2008 ikachomwa moto, na mwaka 2015 ikabeba watu tena. Nimepanda pia lile gurudumu la London la mita 135, ambalo huenda polepole kiasi kwamba watu huingia likiwa linatembea. Ni kazi kubwa ya uhandisi, na naiheshimu, ila halijawahi kunipandisha moyo kooni kama lilivyofanya sanduku la mbao.

Basi kama kwenu bado lipo bembea la kusukumwa kwa mikono, iwe ni kisiwani, bara au popote penye sikukuu, msisubiri mkutano wala ahadi za mwanasiasa. Pimeni nguzo na mikono yake kwa futi, na mwandike ni mti gani. Pigeni picha ya pale mhimili unapokalia nguzo, maana picha za watoto wanaocheka tunazo tele na hazimfundishi seremala chochote. Mrekodini fundi akieleza anavyopanga uzito, angali na nguvu za kueleza. Na sisi tuliotoka nje tuache kuja na dola na kutaka kutia mota kila tunachokikuta.

Mimi nimempata seremala, na nimewapata wawili kati ya wale waliokuwa wakisukuma, sasa ni wazee wenye wajukuu. Tunataka kulisimamisha jipya. Wanakubaliana juu ya kimo cha nguzo, lakini mmoja anashikilia kwamba misalaba iliungwa kwa bolti na mwenziwe anaapa kuwa ilikuwa vigingi vya mbao vilivyopigwa nyundo vikiwa vikavu. Mwenye picha za sikukuu za zamani katika albamu ya familia, tafadhali atazame nyuma ya watu waliosimama, pale zinapokutana mbao na mbao, aniambie anaona nini.