Kwa nini Bill Withers bado anasikika

Wanafunzi wangu wa gitaa hapa Kisumu wakiniuliza waanze na msanii gani wa soul, muziki wa Wamarekani weusi, huwaelekeza kwa Bill Withers. Wengine hudhani ninawapa nyimbo nyepesi kwa kuwa wao ni wageni, lakini sababu yangu ni nyingine: Withers aliingia katika muziki akiwa mtu mzima aliyezoea kazi ya mikono, na ndiyo maana hakuna neno la mapambo katika tungo zake.

Alizaliwa mwaka wa 1938 huko Slab Fork, West Virginia, penye migodi ya makaa ya mawe, akakua na kigugumizi, akafiwa na babake akiwa na miaka 13, kisha akatumikia jeshi la majini la Marekani kwa miaka 9. Albamu yake ya kwanza, iliyotayarishwa na Booker T. Jones, ilipotoka mwaka wa 1971, bado alikuwa kibarua katika kiwanda kilichotengeneza vyoo vya ndege, na picha ya jalada inamwonyesha akiwa kazini na kasha lake la chakula cha mchana mkononi.

Katika albamu hiyo mna “Ain’t No Sunshine”, wimbo uliotolewa kwanza kama upande wa pili wa santuri, watangazaji wa redio wakaugeuza wenyewe. Katikati ya wimbo anarudia “I know” mara 26. Alikusudia kuandika ubeti mwingine mahali hapo, ila wanamuziki waliokuwa studioni wakamshauri apaache palivyo, naye akawasikiliza. Huwaambia wanafunzi wahesabu marudio hayo, kisha waniambie ni ubeti gani ungeweza kusema zaidi.

“Lean on Me”, ulioongoza chati za Marekani mwaka wa 1972, ulitungwa kwenye kinanda kwa vidole vinavyopanda na kushuka hatua kwa hatua, na mtoto anayejifunza kinanda kanisani huweza kuushika kwa jioni moja. Huku kwetu nimeusikia katika mahafali na hata matangani, mara nyingi ukiimbwa na watu wasiomjua mtunzi. Nadhani wazee wa Kakamega waliocheza omutibo, mtindo wa gitaa wa George Mukabi, gitaa moja na chupa ya Fanta ikigongwa kushika mapigo, wangemwelewa Withers bila kufasiriwa. Afrika yenyewe ilimwona mwaka wa 1974, alipoimba Kinshasa katika tamasha lililoandaliwa kuambatana na pigano la Muhammad Ali na George Foreman.

Baadaye alihamia kampuni ya kurekodi ya Columbia, akatoa “Lovely Day” mwaka wa 1977, ambamo anashikilia noti moja kwa takriban sekunde 18, lakini wakubwa wa kampuni walizidi kumwelekeza la kuimba hadi akachoka, akaacha kurekodi. Albamu yake ya mwisho ni ya 1985, na kusema kweli siipendi sana, kwa maana vinanda vya umeme vimeifunika sauti yake.

Nyimbo hazikungoja arudi. Club Nouveau waliifikisha “Lean on Me” kileleni tena mwaka wa 1987, na mwaka wa 1996 Blackstreet wakachukua kipande cha “Grandma’s Hands”, alioutunga kumkumbuka nyanyake, wakajengea juu yake “No Diggity”. Mwaka wa 2015 Stevie Wonder ndiye aliyemkaribisha katika Rock and Roll Hall of Fame, orodha ya heshima ya wanamuziki huko Marekani. Alifariki Machi 2020, akiwa na miaka 81.

Wapo wanaosikitikia miaka ile 35 ya kimya. Mimi simo. Aliweza kukataa kurudi studioni kwa sababu haki za nyimbo zilimlisha, huku mkewe, Marcia, akisimamia shughuli hizo. Wanamuziki wetu wanaolalamikia mirabaha kila mwaka wangefaidika zaidi na sehemu hiyo ya maisha yake kuliko na tuzo zake za Grammy.